Filme za Kisangani zinatuharibia jina?



Jumamosi moja ya muhula uliopita, katika salle kubwa ya shule, tulionyeshwa filme yenye jina Examen d'État. Ni filme ya mwaka 2014. Imepigwa hapa kwetu Kisangani na Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1984. Mashine ya umeme ilizimika mara mbili, na wadogo wa darasa la kwanza waliketi chini kwa saruji, lakini hakuna aliyetoka. Filme ilipokwisha, ndipo kelele ilipoanza. Wengine walipiga makofi. Wengine walikasirika kabisa. Mwenzetu mmoja wa darasa la sita alisimama juu ya banki akasema: "Hii filme iko inatuharibia jina! Batasema Kisangani yote ni wizi na njaa tu. Juu ya nini hakupiga muto? Juu ya nini hakupiga Wagenya?"

Mabishano hayakuishia salle. Yalitufuata njiani, yakatufuata mpaka nyumbani, na juma lililofuata yangaliko. Kwa hiyo sisi wanafunzi sita wa darasa la sita tumeketi pamoja, tumeandika maoni yetu. Asiyekubali, karibu, atujibu katika numero ijayo.

Tuanze na hilo neno la mto. Mto wetu ulipigwa filme zamani, mbele hata wazazi wetu hawajazaliwa. Mwaka 1951 ilitoka The African Queen ya John Huston, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Picha zake nyingine zilipigwa Uganda, na nyingine zilipigwa hapa kwetu, kwa mto Ruiki, ule unaoingia katika mto mkubwa kati ya Kisangani na Ubundu, ambayo zamani iliitwa Ponthierville. Lakini habari inayosimuliwa ni ya Tanganyika mwaka 1914, wakati wa Wadachi. Kwa hiyo maji ni yetu, msitu ni wetu, na jina ni la kwingine. Waafrika wanaonekana mwanzoni, wanaimba kanisani kwa misioni. Kisha askari wanachoma kijiji, na filme inabaki na Wazungu wawili na mashua yao. Bogart alipata Oscar juu ya filme hiyo. Ruiki haikupata hata jina lake.

Mwaka 1959 ikafuata The Nun's Story ya Fred Zinnemann, pamoja na Audrey Hepburn. Wakati huo mji ulikuwa unaitwa Stanleyville. Walikuja mwaka 1958, wakapiga picha mjini na vilevile upande wa Yakusu, kwa misioni ya zamani ya Wabaptiste. Habari yake ni ya mtawa mmoja wa Ubelgiji aliyekuja kutumika hospitalini, na vita vilivyokuwa ndani ya roho yake. Ni filme ya kuheshimiwa. Lakini mji ndani yake ni mahali pa kupita tu. Mtawa anafika, anagua, anapona, anarudi kwao. Ukiuliza watu wa Stanleyville siku zile walikuwa wanakula nini, wanalipa nini, wanacheka juu ya nini, filme haina jibu.

Hatusemi kama wageni walikosa. Mgeni anapiga picha ya kile kinachomshangaza, na mto wetu unashangaza kweli. Lakini sisi hautushangazi. Tunafua nguo ndani yake, tunauvuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga, tunajua siku gani samaki ni ghali. Kama filme inaonyesha maporomoko ya Wagenya na jua linaloshuka, haijaonyesha bado Kisangani. Imeonyesha karti ya posta.

Sasa Hamadi alipiga nini? Alipiga wanafunzi wa kwetu wanaojitayarisha kwa Examen d'État. Tunaona wanatolewa darasani juu hawajalipa prime. Kila mmoja wetu anajua prime ni nini: ni pesa ambayo wazazi wanalipa juu ya mshahara wa mwalimu usiotosha au usiofika. Tangu mwaka 2019 Serikali ilisema shule ya msingi ya umma ni bure, lakini sisi wa sekondari tungali tunalipa. Wale waliotolewa hawaendi kulala. Wanajikusanya katika nyumba moja, wanaiita maquis, wanasoma humo pamoja, usiku na mchana. Wanatafuta pesa mjini. Wanaomba Mungu, wanatafuta baraka ya wachungaji. Na wengine wanatafuta majibu ya siri kwa njia ambazo wote tunazijua.

Na muda wote huo Hamadi hasemi neno. Hakuna sauti inayotuelezea kama huyu ni mwema na yule ni mbaya. Anasimama karibu na kamera yake, anatuacha tusikie wenyewe vile watu wanabishana, wanasihi, wanadanganya, wanatiana moyo. Ndipo sisi tuliposema: huu ni mji wetu. Hatukuujua kwa nyumba zake. Tuliujua kwa swali lile moja linalotuamkia asubuhi: "Umelipa?" Mama anaulizwa sokoni, baba anaulizwa na mwenye nyumba, mtoto anaulizwa mlangoni mwa darasa. Na tuliujua kwa jibu lake pia: "Nitalipa, unipe mpaka Jumatatu." Mtu wa Kisangani anaishi kati ya swali hilo na jibu hilo, na hapo katikati anacheka, anasali, anaimba, anapendezwa na viatu vyake. Filme iliyokamata hilo imekamata roho ya mji, hata kama haikuonyesha Wagenya.

Wenzetu wanajibu: "Lakini haya ni yetu mbele ya wageni!" Tunauliza polepole: je, kamera ndiyo iliyowatoa wanafunzi darasani? Kamera ndiyo iliyomnyima mwalimu mshahara? Mtu akijiona katika kioo ana tope usoni, atavunja kioo? Mtume Yakobo aliandika juu ya mtu anayejitazama katika kioo, kisha anakwenda zake na kusahau uso wake. Tunaogopa kama sisi ni mtu yule.

Na hapa, ndugu wasomaji, tuseme kweli yetu wenyewe, maana si vizuri kuhukumu wengine tukijificha. Katika sisi sita tunaoandika, wanne wamekwisha kurudishwa nyumbani siku moja au nyingine juu ya pesa, kwa shule mbalimbali ambazo hatutazitaja. Wawili waliingia katika mchango mwaka jana. Bwana mmoja alisema iko na "njia", atawaletea majibu mbele ya siku ya mtihani ili wayauze kwa wafinaliste. Walitoa pesa. Mmoja alitoa pesa ya siku nyingi za toleka, aliyopata kwa kubeba watu kwa kinga ya mjomba wake kutoka Mangobo mpaka soko kuu. Yule bwana hakuonekana tena, na namba yake ya simu ilikufa siku ileile.

Mwenye kinga ndiye yuleyule aliyesimama juu ya banki na kupaaza sauti kama filme inatuharibia jina. Ametupa ruhusa ya kuandika hili, na sasa yuko mmoja wa sisi sita. Alituambia: "Nilikasirika juu niliona mwenyewe pale. Nilifikiri watu wote ya salle banaangalia mimi." Sisi wengine tulinyamaza, maana wote tulisikia vile. Hasira yetu juu ya filme haikuwa hasira ya uongo uliosemwa. Ilikuwa hasira ya kweli iliyosemwa mbele ya watu.

Hata hivyo, tunawapa wenzetu haki yao nusu. Filme moja si mji mzima. Kuna walimu wa Kisangani wanaofundisha mwezi baada ya mwezi bila kitu mfukoni, na wanasahihisha vitabu vyetu kwa taa ya simu. Kuna watoto wanaofaulu bila kununua jibu lolote. Kuna siku ya matokeo, poda nyeupe kichwani, mama wanapiga vigelegele barabara nzima. Wengine wanasema: Kinshasa ilipata La vie est belle mwaka 1987, ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, pamoja na Papa Wemba, filme ya muziki na kicheko, mbona sisi tunapewa ya kulia tu? Lakini muiangalie vizuri hiyo filme ya kicheko. Ni kijana aliyetoka kijijini, hana kitu, anafanya kazi ya boyi ili afikie muziki. Mwaka 2017 Alain Gomis akapiga Félicité, Kinshasa vilevile: mama mwimbaji anazunguka mji kutafuta pesa ya kumpasua mtoto wake aliyepata aksida. Moja inachekesha, nyingine inaumiza, lakini mji ni uleule, na swali ni lilelile: "Umelipa?" Kwa hiyo dawa si kuficha filme ya kwanza. Dawa ni kupata ya pili, ya tatu na ya kumi.

Na kwa Kisangani zimekwisha kuanza kuja. Mwaka 2017 Hamadi alitoa Maman Colonelle. Inamfuata mama wa polisi, Honorine Munyole, anayehamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu kulinda wanawake na watoto. Anakuta watoto walioteswa kwa kusingiziwa uchawi. Anakuta pia wajane na vilema wa Vita vya Siku Sita, ile ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa mjini kwa mabomu, na raia kwa mamia wakafa. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini katika kila avenue yuko mzee au mama anayetembea kwa gongo, na tumepita mbele yake kila siku bila kuuliza mguu ulienda wapi. Huko Berlin, filme hiyo ilipewa zawadi na waamuzi wa makanisa, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Watu wa mbali walimsikiliza jirani yetu mbele yetu sisi.

Kisha mwaka 2020 ikatoka En route pour le milliard. Vilema hao wenyewe wanapanda boti kwenda Kinshasa kudai haki yao mbele ya wakubwa. Wanaotaka mto, haya, mto uko hapo! Ni mto uleule mkubwa. Lakini safari hii unapigwa kutoka ndani ya boti iliyojaa, watu wanapika, wanalala wamebanana, mvua inawapiga chini ya baashi, mtu asiye na miguu anatafuta mahali pa kuketi. Hapo mto si wa kushangaa, ni barabara ya watu walio na neno la kusema. Cannes iliichagua mwaka huohuo. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya hasara za vita vya miaka ile. Hatusemi filme ndiyo iliyoleta hukumu, hapana, kesi ilianza zamani. Lakini mtu akisoma hesabu hiyo tu, ni hesabu. Akiisha kuona wale watu wamekaa kwenye mvua, anajua ni za nani.

Basi, tunafunga maneno yetu kwa maombi matatu.

La kwanza kwa Bwana Prefe na kamati ya shule: tunaomba filme hizo mbili zionyeshwe vilevile, na kisha tupewe saa moja ya kubishana kwa heshima. Mafuta ya mashine tutachangia.

La pili kwa ninyi wasomaji: msingoje mwenye kamera. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya avenue yake: nani anaamka wa kwanza, nani anauza nini, nani amekatwa mguu na vita na alikuwa nani mbele ya vita. Mwulizeni kwa adabu, mpigeni magoti kama ni mzee. Tutaandika vyote katika bulletin hii kwa zamu.

La tatu ni kwetu sisi wafinaliste. Mwaka huu tusimpe mtu yeyote pesa ya majibu. Sisi sita tumekwisha kupatana. Maquis yetu inaanza Jumatatu saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwa mwenzetu huko Kabondo. Mama yake amekubali tutumie barza. Anayetaka kuingia, alete vitabu vyake na mshumaa. Prime ya nyumba hiyo hakuna.

Ni sisi,
wanafunzi sita wa darasa la sita.