Daftari la Wiki: Ukuta Usio na Saruji

Mkazi wa Kisumu mwenye hamu ya kuona kuta za kale hahitaji viza ya kwenda Ulaya. Apande matatu ya Homa Bay, apite Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha boda boda imfikishe Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Boma hili la mawe linakadiriwa kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wiki hii nimelizunguka asubuhi nzima na bado sijashiba.

Lango ni jembamba na fupi. Juu yake yamelazwa mawe marefu bapa, ndiyo linta yenyewe, na mtu mzima hapiti bila kuinama. Lilikusudiwa hivyo: adui akivamia, aingie peke yake, kichwa kikitangulia. Ukishavuka unakutana na ukuta ambao pengine una unene wa mita 1, pengine 3, na kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Haukutiwa saruji wala chokaa. Waashi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, wakijaza katikati kwa mawe madogo, na kila penye mwanya wakasokomeza kipande kinachoenea hapo barabara. Sehemu nyingine waliongeza nguzo za mawe za kuegemeza ukuta usije ukabonyea. Waashi wa makanisa ya Kigothiki huko Ulaya walipambana na tatizo hilohilo la uzito, nao wakaweka maegemeo nje ya kuta ili wajenge juu zaidi na kuacha nafasi ya madirisha mapana. Wetu hawakutafuta madirisha. Walitaka ng'ombe na watoto walale salama.

Ndani ya Kochieng', mojawapo ya sehemu za Thimlich zilizozungushiwa ukuta, kuna mwamba uliotobolewa mashimo ya ajua, mchezo wa bao wa Waluo. Kingo za mashimo zimelainika kwa kuguswa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko penginepo pote, kwa sababu vitabu vyetu vya shule hupenda kusimulia vita na uhamaji, navyo husahau kwamba watu hawa walikuwa pia na saa za kucheza. Walikuwapo wahunzi waliofua chuma, na familia zilipokezana makao haya hadi ndani ya karne ya 20.

*

Barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo inapita Asumbi, makao ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Ukoo wao wa kiroho unaanzia Assisi, Italia, karne ya 13, kwa Fransisko na Klara. Huyo Klara aliandikiana na Agnes, binti wa mfalme wa Bohemia, aliyeanzisha nyumba ya watawa mjini Prague katika miaka ya 1230. Barua 4 za Klara kwake zipo hadi leo. Nyumba yenyewe, mojawapo ya majengo ya kwanza ya Kigothiki mjini humo, ilifungwa mwaka 1782 wakati wa Kaisari Joseph II, na sasa ni jumba la sanaa. Mgeni anakata tiketi, anatazama michoro ya karne za kati chini ya matao yaliyochongoka, anaondoka. Watawa hawapo.

Asumbi hakuna matao ya aina hiyo. Kuna shule ya wasichana, chuo cha ualimu, na masista wanaoamkia sala kisha wakaenda kazini. Nikiambiwa nichague mahali pa kumpeleka mgeni aelewe utawa ni nini, nitampeleka Asumbi.

*

Kit Mikayi, ule mlima wa mawe kule Seme karibu na barabara ya Bondo, kuna jambo limeniuma. Waumini, wengi wao wa kanisa la Legio Maria, huja kufunga na kusali kwenye mapango yake. Nilimwona kijana amemwelekezea simu mama aliyepiga magoti, hatua mbili tu kutoka usoni pake, bila hata salamu. Kwetu hata kwa jirani tunapiga hodi. Kiingilio kinakuruhusu kuona mwamba. Yule mama hayumo katika bei hiyo.

*

Nirudi Thimlich, maana hofu yangu iko huko. Ukuta usio na saruji huishi kwa mikono ya watu. Mzizi ukipenya au mgeni akipanda juu apigwe picha, jiwe moja huchomoka, na yaliyolitegemea hulifuata. Kusini mwa Nyanza kuna maboma ya namna hii zaidi ya 500, na mengi yameshaporomoka. Thimlich limesimama kwa sababu Makumbusho ya Kitaifa na wenyeji wamekuwa wakirudishia mawe mahali pake. Wazee wanaoijua kazi hiyo wanapaswa kulipwa na kupewa vijana wa kuwafundisha, sasa, wangali na nguvu za kuinua jiwe.

Walimu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, kabla ya kukodi basi la kwenda Mombasa, wapelekeni wanafunzi Thimlich. Waambieni mapema kwamba ukutani hapapandwi.