Guruneti la mchezo liishie uwanjani

Easofti ni mchezo wa vita vya kuigiza: timu mbili hupigana kwa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Umeenea Uingereza na Marekani, wanakoishi jamaa zetu wengi. Je, guruneti bandia nalo lafaa kununuliwa?

Uwanjani lina faida. La gesi likirushwa chumbani hutawanya gololi pande zote, na mpinzani aliyejibanza nyuma ya mlango hana pa kukimbilia. Kisha hujazwa na kutumiwa tena. La baruti ni jambo jengine: hulipuka mara moja, pesa zimekwenda, na likilipukia mkononi huunguza. Kwa yote mawili, miwani ya kinga ni lazima; gololi moja yatosha kupofua jicho.

Lakini hatari kubwa iko nje ya uwanja. Mwaka 2014, mjini Cleveland, Marekani, mtoto Tamir Rice wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akafa. Alikuwa na bunduki ya easofti waliyodhani ni ya kweli. Guruneti bandia laweza kuleta balaa lilo hilo. Huko Marekani halikubaliwi ndani ya ndege, hata kwenye mizigo ya chini.

Basi jamaa mlioko ng'ambo, zawadi hii msituletee. Mombasa ilirushiwa maguruneti ya kweli mwaka 2012, na watu walikufa. Hapa hakuna atakayesimama kuuliza kama ni mchezo.