Kabla ya Kumhukumu, Mpeleke Apimwe



Hebu fikiria msichana wa miaka 14 pale Wote, au Kitui mjini. Hijabu hataki, anasema kitambaa kinamuuma. Kelele za harusi zikianza anaziba masikio. Wenzake hawamwelewi, naye hawaelewi. Siku moja anatamka, "Mimi sijihisi msichana." Mtaa mzima unawaka: ana jini, simu imemharibu, achapwe!

Hakuna anayeuliza: je, ana usonji?

Swali hili lina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 600,000. Wale wasiojitambua kwa jinsia waliyozaliwa nayo walikuwa na uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kuwa na usonji. Aprili 2024, ripoti ya Dkt. Hilary Cass huko huko ikapendekeza watoto wanaofika kliniki za jinsia wachunguzwe usonji pia.

Usinielewe vibaya. Si kila mwenye usonji ana swali la jinsia, na si kila mwenye swali hilo ana usonji. Wala usonji haufanyi maneno ya mtoto kuwa upuuzi. Lakini utamsaidiaje mtu usiyemjua anaumia wapi? Huenda hijabu ya pamba laini ingetosha. Huenda kuna mengi zaidi. Bila kupimwa, sote tunakisia tu.

Na kupimwa ni haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 54 kinataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Afya iko mikononi mwa kaunti. Basi vikao vya bajeti vikiitishwa Kitui na Makueni, nenda, simama, uliza: mtaalamu wa usonji yuko wapi? Kwa nini mama wa Mutomo au Kibwezi afikirie nauli ya Nairobi kwanza?

Wewe kijana, usimrekodi ukamcheka. Usisambaze video yake. Msindikize mzazi wake hospitalini.

Sote tumesoma Sura Abasa. Kipofu alikuja kutafuta elimu, akapewa kisogo, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe akakumbushwa na Mola wake. Sisi ni nani tumpe kisogo mtoto huyu?