MWANDISHI WA MCHEZO NAYE NI MFANYAKAZI



Katika mkutano wa tawi uliopita aliinuka ndugu mmoja wa upande wa ujenzi akatuuliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Alisema: "Nyinyi mnaofundisha watu kuandika sinema, chama kiwatetee kwa kazi gani? Sisi tunabeba zege." Watu walicheka, na sisi tulicheka pia. Lakini swali lilikuwa la haki, na tumeona tulijibu humu katika kurasa za Kiswahili, maana ndugu huyo ni mtu wa Nyamirambo na tunajua huzisoma.

Sisi ni wahadhiri watatu wa kibarua. Hatumo katika orodha ya watumishi wa kudumu wa chuo tunakofundisha hapa Kigali. Tunaitwa muhula ukianza, tunaagana ukiisha. Somo letu ni uandishi wa miswada ya filamu na michezo ya redio. Mkataba unasema saa 45 za darasani, na hizo ndizo zinazolipwa. Muhula uliopita tuliambiwa tutarajie wanafunzi 25. Siku ya kwanza tulihesabu 64, wengine wamekaa dirishani.

Sasa ndugu zetu wa zege watusaidie hesabu. Mswada mfupi wa kurasa kumi hausomwi kama karatasi ya mtihani wa kuchagua jibu. Unausoma mara ya kwanza kama mtazamaji, mara ya pili na kalamu mkononi, kisha unaandika pembeni kwa nini mhusika huyu anaongea na hana anachokitaka. Ukienda mbio sana ni nusu saa. Wanafunzi 64 ni saa 32 kwa rasimu moja. Na hakuna mswada unaokamilika kwa rasimu moja; tunadai tatu. Hizo ni saa 96, zaidi ya mara mbili ya saa zilizomo katika mkataba, na zote hufanywa usiku nyumbani kwa umeme wetu wenyewe. Tulipolieleza jambo hili tuliambiwa tupunguze rasimu. Ni sawa na kumwambia fundi apunguze saruji.

Tungependa pia kusema jinsi tulivyoupanga muhula, maana wapo wanaodhani tunakaa tu kutazama sinema. Muhtasari tuliokabidhiwa ulikuwa umenakiliwa kutoka nchi za mbali: sehemu tatu za hadithi, mifano yote ya Marekani. Hatusemi mafunzo hayo ni mabaya. Lakini matokeo yake yalikuwa wanafunzi waliozaliwa Gicumbi na Rusizi kuandika baba anayerudi nyumbani, anarusha funguo mezani, anafungua friji na kumtukana mkewe kabla ya salamu. Tukauliza, baba wa nani huyo? Darasa zima likacheka, na mwenye mswada akacheka kuliko wote.

Wiki ya pili tukawapeleka kituo cha mabasi cha Nyabugogo na daftari, kila mmoja alete maneno kumi aliyoyasikia kwa masikio yake. Wiki ya tatu tukasikiliza agasobanuye, zile filamu za kigeni ambazo mfasiri huziingilia kwa Kinyarwanda. Wasomi wengine huzidharau. Sisi tunaona mfasiri yule ni mwalimu mzuri wa maongezi, kwa kuwa anajua maneno mangapi yanatosha kumfanya mtu wa kibandani abaki kwenye benchi.

Baada ya hapo tulikaa sana kwenye redio, na hapa tuna sababu. Nchi hii ina historia ya kuandika kwa ajili ya masikio ambayo haiwezi kurukwa. Urunana ilianza mwaka 1999, ikasikika kupitia idhaa ya Kinyarwanda ya BBC, na waandishi wake walikuwa na desturi ya kwenda vijijini kusikiliza watu kabla ya kuandika. Musekeweya ilianza 2004, hadithi ya vijiji viwili vya vilimani vinavyogombana, iliyoandikwa ili watu waelewe jinsi chuki inavyojengwa hatua kwa hatua na jinsi mtu mmoja anavyoweza kusema hapana. Na kabla ya hizo zote kulikuwa na RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa. Hilo huwaambia wanafunzi wetu mapema, kabla ya somo la ucheshi, na huwa hatuongezi neno. Wanajua wenyewe.

Juu ya lugha tutasema kidogo. Tangu 2008 masomo yamekuwa kwa Kiingereza, na kanuni ya chuo ni kwamba kazi ya mtihani iwasilishwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana anaandika mzaha wa mama mkwe kwa Kinyarwanda, darasa linaanguka kwa kicheko, kisha anakwenda kuutafsiri ili apate alama, na sisi tunasahihisha maiti ya mzaha. Tumeomba miswada ipokelewe kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili pia kwa anayetaka, kwani Bunge lilikwisha kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tunasubiri jibu.

Tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Mwanafunzi wetu mmoja, binti mwenye bidii, aliandika mfululizo wa vichekesho vya vipindi kumi: familia ya wapangaji, paa linalovuja, na mwenye nyumba ambaye kila akija kudai kodi anapewa chai mpaka anasahau. Mwisho wa muhula tulifanya usomaji wa hadhara na tukaalika wageni wa tasnia, tukiamini tunawafungulia vijana mlango. Mgeni mmoja alimpenda. Baada ya wiki mbili alimwita ofisini, akampa karatasi ya ukurasa mmoja atie sahihi, pamoja na fulana na nauli. Karatasi ilisema kwamba haki zote za kazi ile, popote na milele, ni za kampuni. Mwaka uliofuata kipindi kilionekana. Paa lilikuwa lile lile na chai ile ile. Jina lake halikuwamo.

Alipokuja kwetu na ile karatasi, hatukuwa na la kumwambia. Lawama ya kwanza tuliiweka juu yetu wenyewe. Tulimfundisha jinsi ya kumwingiza mhusika mlangoni, na kwa muhula mzima hatukutenga hata saa moja kumfundisha jinsi ya kusoma mkataba. Tuliwaalika wale wageni sisi. Hata miswada iliyosomwa siku ile haikuwa na tarehe wala jina la mwenyewe chini ya kila ukurasa.

Wapo wenzetu walimu wanaosema kwamba habari za ujira zitaharibu sanaa, kijana aachwe kwanza aipende kazi. Hatukubaliani nao. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, wapatao 11,500, waligoma kwa siku 148, tangu tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba. Walidai malipo ya kazi inayorudiwa kuonyeshwa, idadi ya chini ya waandishi katika chumba cha kuandikia, na kwamba mashine za akili bandia zisihesabiwe kuwa mwandishi. Walirudi na mkataba wenye mambo hayo. Hao ni watu wanaoipenda sanaa yao, na waliutembea mstari wa mgomo katika jua kali kwa sababu wana chama. Sisi hatuna nguvu ile, na tasnia yetu ni changa. Lakini Joël Karekezi alipoleta nyumbani tuzo kubwa ya FESPACO mwaka 2019 kwa filamu ya The Mercy of the Jungle, hakuna aliyesema tena kwamba Mnyarwanda hana hadithi ya kuuza. Ikiwa inauzika, basi yupo anayeifanyia kazi, na mtu huyo ana tumbo.

Kwa hiyo, ndugu wa zege, tunachokiomba ni hiki. Tawi lituunge mkono tunapodai saa za kusahihisha ziandikwe katika mkataba na darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 25, kama tulivyoambiwa wenyewe. Tawi likubali pia kuwapokea waandishi wa miswada kama wanachama, hata wasio na mwajiri mmoja. Nyinyi wa ujenzi mnakijua kibarua kuliko sisi, na mnajua mtu anayehama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine anavyodhulumiwa kwa kukosa wa kumsemea.

Muhula ujao wiki ya tisa tumeitenga nzima kwa mikataba. Tunahitaji mifano halisi ya kusoma darasani. Mwanachama yeyote, wa kazi yoyote, aliyewahi kutia sahihi karatasi ambayo baadaye aliijutia, tunamwomba aache nakala yake ofisini kwa katibu, jina likiwa limefutwa kwa wino. Ile ya binti tayari tunayo, kwa idhini yake, na amekubali kuja kuisoma mwenyewe.