Mwache tembo aende, piga picha unyayo wake

Ndugu mkulima, leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Leo nataka tugombane kidogo.

Mahindi yamebeba, tembo wameanza kutoka, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp video zimeanza kuzunguka. Unazijua. Giza totoro, madebe yanagongwa, tochi inacheza huku na kule, mtu anapiga yowe "yule pale, yule pale!", na katikati kuna kitu cha kijivu ambacho kinaweza kuwa tembo, kinaweza kuwa kichuguu. Watu sitini wanaandika "poleni sana". Kesho yake mwenye shamba ananiletea video ile ile: "Bwana shamba, ushahidi huu hapa."

Huo si ushahidi. Hauonyeshi shamba la nani, wala ukubwa wa hasara, wala mnyama gani kaingia. Na aliyeipiga ameponea chupuchupu. Tembo akikugeukia humshindi mbio, na ukimmulika machoni usiku unamwonyesha ulipo. Kijana anayemfuata tembo kwa simu ili apate "like" ananunua kaburi kwa bando lake mwenyewe.

Nami nina kosa langu, nilitaje. Misimu kadhaa iliyopita mama mmoja aliliwa ekari moja na nusu. Mimi nilifika siku ya nne. Mvua ilikuwa imenyesha, ng'ombe wa jirani wamepita humo humo, unyayo hakuna. Mama alikuwa na picha mbili: moja amesimama analia mbele ya bua lililovunjika, nyingine ya anga na jani moja. Nikaandika fomu kwamba chanzo cha uharibifu hakikuthibitika. Mbegu na mbolea alikuwa amekopa dukani. Deni alilipa kwa mbuzi wake wawili. Nilichelewa, na kabla ya siku ile sikuwahi kumfundisha mtu yeyote kijijini kupiga picha ya maana.

Sasa tusikilizane. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zinaangalia mnyama aliyehusika, ekari zilizoharibiwa, na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Tathmini ni lazima ifanyike shambani, na picha haichukui nafasi yake. Kazi ya picha ni kutunza kile ambacho mvua na mifugo vitafuta kabla hatujafika. Kwa hiyo anayehitaji kupigwa picha ni shamba, na alama zake. Mnyama mwenyewe mwache aende zake.

Fanya hivi, asubuhi, baada ya kuhakikisha wanyama wameondoka:

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi cha pamba. Nusu ya picha za ukungu ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

2. Kwenye mipangilio ya kamera washa mahali (GPS), na hakikisha tarehe na saa ya simu ni sahihi. Umbali wa shamba unahesabiwa, kwa hiyo alama ya mahali ina uzito.

3. Anza mbali. Simama kwenye kona, piga shamba zima pamoja na kitu kisichohama: mbuyu, nyumba, kilima. Rudia kona zote nne. Kisha sogea upige sehemu iliyoliwa, ndipo umalizie na bua moja kwa karibu. Usivute picha kwa vidole, maana kuvuta kunaiharibu. Sogea kwa miguu.

4. Unyayo piga wakati jua liko chini, asubuhi au alasiri. Mwanga wa ubavuni unatoa kivuli na kingo zinaonekana. Saa sita mchana unyayo unakuwa bapa kama chapati. Ukilazimika kupiga mchana, mwenzako azibe jua kwa kanga, na mwingine amulike tochi kutoka pembeni, chini kabisa.

5. Weka rula ya shule kando ya unyayo, au kiberiti ukikosa rula. Shika simu juu yake, ielekee chini moja kwa moja, isiinamie upande. Gusa unyayo kwenye kioo cha simu, subiri utulie, ndipo upige. Piga nyayo tatu au nne zinazofuatana.

6. Tofautisha wanyama. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa duara, wa nyuma umerefuka kama yai. Zungushia kamba ule wa mbele, uipime: mara mbili ya urefu huo inakaribia kimo chake begani. Kiboko ana vidole vinne. Nguruwe pori ana kwato zilizogawanyika. Mbuzi akiuawa, tazama kucha: fisi na mbwa kucha zao huonekana ardhini, chui huzificha. Piga na kinyesi pia, rula ikiwa pembeni.

7. Usiipambe picha wala kuikata. WhatsApp inapunguza ubora na kufuta taarifa za mahali, kwa hiyo itume kama dokumenti, na ya asili ibaki kwenye simu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.

Najua majibu yenu. "Simu yangu ni kitochi." Basi kila kitongoji kichague watu wawili wenye simu za kamera, waitwe alfajiri. "Kifuta jasho chenyewe ni kidogo, na kinachelewa." Ni kweli, na jina lake tu linakiri kwamba si fidia. Lakini dai lisilo na ushahidi halipati hata hicho kidogo, na mashamba yaliyoliwa bila kuandikwa, kwenye takwimu za wilaya ni mashamba yaliyovunwa salama. Mtaombaje askari wa wanyamapori zaidi kwa hasara ambayo haipo kwenye karatasi?

Nanyi wenye maduka, msikae pembeni. Mbegu ni zenu, mlikopesha. Mruhusuni mdeni wenu achaji simu bure asubuhi ile, na mwenye printa amtolee picha nne.

Na maofisa wenzangu: tukipigiwa, twende siku hiyo. Tusimtume mkulima apige picha ili sisi tupate sababu ya kukaa ofisini.

Jumamosi hii nitakuwa gulioni na rula, kamba na simu yangu ya kawaida. Njoo na yako, tufanye mazoezi kwenye nyayo za ng'ombe.