Fedha ya Runinga Ianzie Ukutani



Huu ni wakati ambao mahindi yameshauzwa, wengine wamepokea malipo ya pamba au tumbaku, na kila siku ya gulio tunaona bodaboda zimebeba maboksi ya runinga kuelekea vijijini. Ni jambo jema. Mtu aliyeshika jembe msimu mzima ana haki ya kukaa na familia yake jioni, akasikiliza taarifa ya habari na kuangalia mpira.

Najua wapo watakaosema suala la umeme ni la fundi, bwana shamba linamhusu nini? Linanihusu kwa sababu nyumba ninazoingia kukagua mbegu na mahindi yaliyohifadhiwa ndizo hizo hizo zenye runinga. Mara nyingi ninachokiona nyuma ya runinga kinanitia hofu kuliko dumuzi walioko kwenye magunia. Na wakati wa kazi za shamba, wanaobaki nyumbani na runinga hiyo ni watoto.

Maoni yangu ni haya: fedha ya runinga ianzie ukutani. Kama umetenga laki nne, usizimalize zote dukani. Katika kila shilingi kumi, moja iende kwenye soketi, plagi, waya na fundi. Ukiona hazitoshi, chukua runinga ndogo zaidi. Inchi 32 iliyofungwa vizuri ni bora kuliko inchi 43 inayopata umeme kwa nyaya zilizosokotwa kwa mkono.

Fyuzi hailindi mtu

Wengi wanaamini kwamba umeme ukimshika mtu, fyuzi itaungua au breka itaruka, naye atapona. Tufanye hesabu. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Miliampia 30 zikipita mwilini zinatosha kuuweka moyo hatarini. Fyuzi kubwa ya plagi ya pini tatu ni ya ampia 13, yaani miliampia 13,000. Hiyo ni zaidi ya mara 400. Fyuzi imewekwa ili waya usiungue na kuchoma nyumba. Mtoto aliyeshika waya ulio wazi anaweza kupoteza maisha na fyuzi ikabaki nzima.

Kinacholinda mtu ni breka ya aina nyingine, ambayo mafundi huiita RCD. Hii inalinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi. Ukipungua njiani kwa sababu umepita kwa mtu kwenda ardhini, inakata papo hapo. Mwambie fundi aweke yenye alama ya 30mA. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, nayo inatakiwa ikate umeme. Isipokata, ibadilishwe. Hata hivyo haimsaidii mtu aliyeshika waya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo haiondoi haja ya kuwa mwangalifu.

Fyuzi nayo iheshimiwe. Kwa runinga, fyuzi ya ampia 3 kwa kawaida inatosha. Ikiungua, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ukifanya hivyo, umeondoa kinga ya nyumba yako kwa kuogopa gharama ya fyuzi moja.

Kijiti kwenye tundu la juu

Hili limezoeleka mno. Runinga au sabufa imekuja na plagi ya pini mbili, soketi yetu ni ya matundu matatu. Mtu anachukua kijiti, kalamu au, vibaya zaidi, msumari, anachokonoa tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, kisha anasukuma plagi. Vile vifuniko vya ndani vimewekwa makusudi ili mtoto asiweze kuingiza kitu penye umeme. Sisi tunamfundisha mtoto jinsi ya kuvifungua.

Tena plagi hiyo haishiki vizuri. Inalegea, inatoa cheche, soketi inapata moto na plastiki inageuka rangi ya kahawia. Ukiona rangi hiyo, au ukisikia harufu ya plastiki kuungua, acha kuitumia na uibadilishe. Dawa yake ni adapta nzuri yenye fyuzi ndani. Wenye maduka, nawaomba jambo moja: usimkabidhi mteja runinga ya pini mbili bila kumwonyesha adapta. Mteja akirudi kwako salama mwakani, atanunua kingine.

Nyaya chini ya magunia

Wengi wetu tunahifadhi mahindi ndani ya nyumba tunayolala. Ekstensheni inapita chini ya magunia au chini ya mkeka, na penye nafaka hapakosi panya. Panya hutafuna ganda la waya, shaba inabaki wazi, na hakuna anayeiona mpaka siku cheche zinapodondokea kwenye viroba vikavu. Pitisha waya ukutani mahali unapoweza kuuona, na magunia yakae mbali nao, juu ya chaga. Utakuwa umesaidia nafaka na nyumba pia.

Tatizo la ekstensheni si runinga yenyewe. Runinga bapa ya inchi 32 kwa kawaida hutumia wati zisizofika 100. Shida inaanza ekstensheni hiyo hiyo inapochomekwa birika au pasi. Birika moja la umeme linaweza kufika wati 2,000, na waya mwembamba wa bei rahisi hauwezi mzigo huo. Ekstensheni ya runinga ibaki ya runinga na king'amuzi.

Runinga pia inahitaji hewa. Vile vitambaa vya kufuma tunavyoipambia vinaziba matundu ya kutolea joto; vihamishie kwenye makochi. Usiweke juu yake kopo la maua wala mshumaa. Na usifungue kifuniko cha nyuma, hata kama umeichomoa. Runinga ya chogo inaweza kubaki na maelfu ya volti kwenye kioo chake baada ya kuzimwa, na hata zile bapa huhifadhi umeme hatari kwa muda. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ethi, antena na radi

Ukigusa sabufa au king'amuzi ukahisi mwili unasisimka, usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida. Zima, chomoa, na umwite fundi akague ethi. Kile chuma kilichochimbiwa nje ya nyumba ndiyo njia ya umeme uliovuja kwenda ardhini. Hapa mkulima hahitaji somo refu: udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu. Fundi akichimbie kwa kina, na wewe ukague mara kwa mara kama waya wake bado upo, maana wezi wa shaba hawachagui.

Mlingoti wa antena usisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Bomba la chuma likiegemea nyaya hizo, aliyelishika hana pa kukimbilia. Zile za njia kubwa zinazopita vijijini hubeba volti 11,000 au 33,000. Kabla ya kuusimamisha, hakikisha kwamba hata ukianguka hautazifikia.

Mvua za radi zinapoanza kujikusanya, chomoa plagi ya ukutani na waya wa antena au dishi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ikishafika hapo usishike tena nyaya hizo, kaa mbali nazo.

Wenye vibanda umiza

Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, wewe mzigo wako ni mkubwa zaidi. Umekusanya vijana makumi kwenye chumba chenye mlango mmoja, mara nyingi cha mabati, na umeme umevutwa kwa waya kutoka kwa jirani. Waya ukichubuka na kugusa bati, kibanda kizima kinakuwa na umeme. Kila anayeingia amekulipa, na kwa maoni yangu kiingilio hicho ni pamoja na kutoka salama. Omba umeme wako mwenyewe TANESCO, funga RCD, na acha milango miwili iliyo wazi wakati wote wa mechi. Kama huwezi hayo kwa sasa, punguza watu.

"Mbona miaka yote hakuna kilichotokea?"

Jibu hili nalisikia kila kijiji. Lakini hata ghala lisilopuliziwa dawa huwa linaonekana salama mpaka siku unapofungua gunia ukakuta unga wa dumuzi. Tofauti ni kwamba mahindi utalima tena.

Wengine wanasema fundi mwenye leseni ya EWURA ni ghali. Ni kweli anatoza zaidi kuliko kijana wa mtaani mwenye bisibisi. Basi fanyeni kama mnavyofanya kwenye pembejeo: unganeni kaya tano au kumi, mwiteni siku moja, mgawane nauli na gharama zake. Kikundi kinachoweza kununua mbolea pamoja hakishindwi kumwita fundi pamoja.

Wiki hii, kabla ya jambo jingine, fanya haya:

1. Angalia nyuma ya runinga yako mchana, umeme ukiwa umezimwa. Tafuta ganda lililochubuka, kiungo kilichofungwa kwa nailoni na soketi iliyoungua.
2. Onyesha kila mtu wa nyumbani, hata mtoto anayeweza kufika, swichi kuu ilipo na jinsi ya kuizima.
3. Waambie kwamba mtu akishikwa na umeme asiguswe kwa mikono. Zima kwanza, ikishindikana, mtenganishe na waya kwa mti mkavu, ukiwa umesimama mahali pakavu.
4. Moto ukianzia kwenye runinga, zima swichi kuu na tumia mchanga mkavu. Usimwage maji. Ukishindwa kuudhibiti, toeni watu wote nje na mpige 114, Zimamoto na Uokoaji.

Kama bado hujanunua runinga, una bahati. Unaweza kuanza na ukuta. Kama ulishanunua, gulio lijalo lisipite kabla hujapata adapta na fundi. Runinga ikiungua, fedha ya msimu ujao itanunua nyingine. Mtoto uliyemwacha akiiangalia haletwi na msimu.