Jina Tunalo, Mbegu Hatuna: Habari za Msonobari na Bei Yake

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa alirudi kutoka Ghuba, alikokwenda kumzuru mwanawe, na miongoni mwa zawadi alizokuja nazo mlikuwa na kifuko kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, chenye mbegu nyeupe nyembamba mfano wa punje za mchele ulionona. Akina mama walizipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akasema ni lozi changa. Mwengine akashikilia kuwa ni mbegu za maboga zilizomenywa. Jirani akacheka. “Hii ndiyo snobar, jamani. Na bei yake nilipoiona dukani nilidhani muuzaji amekosea.”

Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba mbegu hizo huteremsha presha, huondoa sukari, hupunguza unene, na kwa wanaume zina kazi nyengine ambayo yule bibi hakuitaja mbele yangu. Basi mambo haya mawili, bei na sifa, ndiyo yaliyonifanya niishike kalamu, kwani kila moja lina kisa chake, na visa vyenyewe havilingani.

Kwanza jina. Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kuambiwa kwamba snobar ya Waarabu ndiyo msonobari wetu. Neno tumelipokea zamani, fundi seremala analijua, na mbao zake zimo katika milango na dari za nyumba nyingi. Mti tumeupata, mbao tumezipata, lakini mbegu ya kuliwa hatukuipata. Si kwa uvivu wetu. Misonobari iliyopandwa katika nyanda za juu za Kenya asili yake ni Mexico na California, na mbegu zake ni ndogo mno, hazimfai hata kuku. (Ile ya California yenyewe iliachwa kupandwa katika miaka ya 1960 baada ya kushikwa na ugonjwa wa ukungu wa majani.) Aina za msonobari duniani zapita mia, lakini zile zenye mbegu nene za kumtosha mla ni chache.

Iliyo maarufu kuliko zote katika upishi wa Kiarabu ni ile ya Bahari ya Kati, ambayo kilele chake hutanda kama mwavuli. Huota Hispania, Ureno, Italia, Uturuki, na Lebanon, ambako msitu wa Bkassine karibu na Jezzine hutajwa kuwa miongoni mwa misitu mikubwa ya aina hiyo katika Mashariki ya Kati. Hapa ndipo nataka msomaji akae nami kidogo, maana bei ya kile kifuko inaanzia juu ya mti.

Tunda la msonobari huu ni gumu kama jiwe, lenye magamba yaliyopangana kama ya samaki, na huchukua miaka mitatu kuiva. Juu ya tawi moja utakuta tunda la mwaka huu, la mwaka jana na la mwaka juzi, yote yakingoja zamu. Mvunaji hupanda mpaka kileleni akiwa na mti mrefu wenye ndoana, akaangusha yaliyoiva na kuyaacha machanga, kwani akikosea amejinyima mavuno ya miaka miwili ijayo. Wengi hupanda bila kamba, na kuanguka si habari ngeni. Kisha matunda huanikwa juani hadi magamba yafunguke, mbegu zitolewe, ganda gumu livunjwe, na ngozi nyembamba iondoshwe. Katika kila kilo mia za matunda, mwenye bahati hupata kilo tatu au nne za kiini cheupe. Ukishajua hayo, huwezi tena kumtukana muuzaji.

Lakini huo ni ughali wa siku zote. Ughali wa siku hizi umeletwa na mdudu. Yuko mdudu wa jamii ya kunguni, rangi ya hudhurungi, asili yake magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1999 alionekana kaskazini mwa Italia, na inaaminiwa alisafiri na shehena za mbao. Kutoka hapo akaenea nchi baada ya nchi, na katika miaka ya 2010 akathibitishwa Lebanon. Kazi yake ni kutia mdomo wake mrefu ndani ya tunda changa na kufyonza. Tunda hukauka kabla ya wakati, au hukua likaonekana zima kwa nje, na mvunaji akihatarisha shingo yake kuliangusha, akalianika na kulivunja, hukuta mbegu tupu. Huyu ni mwizi anayekuibia kabla hujajua kuwa una mali, na hasara yake huijui ila baada ya jasho lote kumwagika.

Masaibu hayo yakawakuta Walebanoni wakiwa na mengine. Mwishoni mwa 2019 uchumi wao ulianguka. Lira yao, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa 1,507 kwa dola moja, ilifika karibu 90,000. Dawa ya kunyunyizia misitu hununuliwa kwa dola. Julai 2021 moto mkubwa uliteketeza misonobari ya Qobayat, katika eneo la Akkar, na kijana wa miaka 15 aliyekuwa akisaidia kuuzima akafariki. Kisha ikaja vita ya 2024, iliyopamba moto Septemba hadi kusimamishwa tarehe 27 Novemba, na vijiji vingi vya kusini vikahamwa. Mbegu iliyokuwa ikinyunyizwa juu ya kibe na kafta bila kuhesabiwa sasa inahesabiwa. Wapishi wengi hutia lozi zilizokatwa vipande vyembamba mahali pake, au hununua mbegu za bei nafuu kutoka Uchina. Macho yaliyozoea hayadanganyiki: ya Bahari ya Kati ni ndefu na nyembamba, rangi moja kama pembe, nyengine ni fupi, ina pembe tatu, na aghalabu ncha yake ni nyeusi.

Mashariki zaidi iko mbegu ya tatu, ndefu kuliko zote, iitwayo chilgoza. Hiyo ni ya milima ya Afghanistan na Pakistan. Watu wa Khost, Paktia na Paktika huivuna wakati wa vuli, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo fedha taslimu ya mwaka mzima. Mwaka 2018 ilifunguliwa njia ya ndege ya kuipeleka moja kwa moja Uchina. Mwaka uliofuata, Septemba 2019, vibarua waliokwenda kuvuna katika wilaya ya Khogyani, jimbo la Nangarhar, walikuwa wamemaliza kazi ya siku, wakawasha moto na kukaa pamoja usiku. Ndege ya Marekani isiyo na rubani ikawashambulia. Walikufa watu wasiopungua 30. Jeshi la Marekani lilisema lilikuwa likiwalenga wapiganaji wa Daesh. Mimi sina la kuongeza hapo, ila kwamba tangu niisome habari hiyo, nikiona kifuko cha mbegu hizi katika duka lenye taa nyingi, huukumbuka ule moto wao.

Baada ya Taliban kurudi madarakani Agosti 2021 na fedha za serikali zilizoko ng’ambo kuzuiwa, miongoni mwa biashara za kwanza kufufuliwa ilikuwa hiyo hiyo: Novemba mwaka huo tani 45 zilipelekwa Shanghai. Na Mei 2022, upande wa Pakistan, moto uliingia katika misitu ya chilgoza ya wilaya ya Sherani, milima ya Sulaiman, ukaunguza miti ambayo mjukuu wa aliyeipoteza ndiye labda atakayeiona imerudi.

Sasa twende Tunisia, kwani huko liko jambo litakalowafurahisha watu wa Lamu. Sisi mwezi wa Mfungo Sita tunajulikana kwa Maulidi, na kila nyumba ina kitoweo chake cha siku hiyo. Watunisia siku ya Maulidi hula asida, lakini si asida ya unga wa ngano. Ni asida ya zgougou, yaani mbegu ndogo nyeusi za msonobari wa Halab, zinazosagwa na kuchujwa, kisha zikakorogwa motoni kwa sukari mpaka zikawa nzito, ikamiminwa bakulini, ikafunikwa kwa malai meupe, na juu yake ikapambwa kwa lozi na mbegu nyeupe za msonobari. Majirani hupelekeana mabakuli. Husimuliwa kwamba chakula hicho kilianza kwa dhiki, wakati wa njaa ya mwaka 1864, ngano ilipoadimika na watu wa milimani wakarudi kwenye mbegu za msituni. Leo kimekuwa chakula cha fahari, na kila Maulidi ikikaribia bei ya zgougou hupanda na watu hulalamika. Maskini aliyekila kwa kukosa ngano angestaajabu.

Tuingie katika sifa za dawa. Vitabu vya tiba vya Kiyunani na vya Kiarabu vimeisifu mbegu hii kwa kikohozi na kwa nguvu za kiume. Galeni alishauri iliwe pamoja na asali na lozi. Kwa hiyo yule kijana wa Ghuba hakuzua. Lakini kusifiwa zamani ni jambo moja, na kuthibitishwa ni jengine.

Lililo hakika ni hili. Mbegu ya msonobari ina mafuta mengi, kuanzia nusu hadi theluthi mbili ya uzani wake kulingana na aina, na mengi ya mafuta hayo ni yale yasiyodhuru moyo. Ina protini, madini ya magnesi, zinki na manganizi, na vitamini E kwa wingi. Utafiti mkubwa uliofanywa Hispania kwa watu 7,447, ukatolewa mwaka 2013 na kusahihishwa na kutolewa upya 2018, ulionyesha kwamba waliofuata maakuli ya Bahari ya Kati pamoja na karanga za miti, gramu 30 kwa siku, walipatwa na kiharusi na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Karibu nusu ya watu hao walikuwa na ugonjwa wa sukari. Lakini tazama ni karanga gani walizopewa: jozi, lozi na hazeli. Msonobari haukuwamo! Faida ni ya jamii yote ya karanga za miti, na inaonekana pale mtu anapokula mboga, samaki na dengu, siyo anapoziongeza juu ya sahani ya mahamri na soda.

Ama kupunguza unene, hapo pana ujanja wa biashara. Yako mafuta fulani katika mbegu ya msonobari wa Korea na Siberia ambayo majaribio machache, ya watu wachache, yalionyesha huenda yakapunguza hamu ya kula. Yakatiwa vidongeni na kuuzwa. Msonobari wa Bahari ya Kati hauna mafuta hayo ila chembe. Na konzi moja ya mbegu hizi ina nguvu ya kalori karibu 190, sawa na mkate wa vipande viwili na zaidi. Anayezila ili akonde atangoja sana. Na mwenye presha asiache dawa ya daktari kwa ajili ya kifuko.

Jambo jengine la kujua, maana limewatisha wengi. Mtu hula mbegu hizi leo bila taabu, na baada ya siku moja au mbili kila akitiacho mdomoni kinakuwa kichungu kama ameramba shaba, maji pia. Hali hiyo huweza kudumu wiki mbili. Iliandikwa na madaktari Ubelgiji mwaka 2001, na imehusishwa zaidi na aina moja ya msonobari wa Uchina. Haiachi madhara. Lakini mwenye mzio wa karanga asizijaribu kabisa, kwani huko kuna hatari ya kweli.

Upishi wake ni mwepesi ila hautaki mtu mwenye mazungumzo mengi. Tia samli kidogo katika kikaango, moto mdogo, mwaga mbegu, koroga bila kusimama. Zikianza tu kugeuka rangi, ziepue na uzimwage sahanini, maana zikibaki juu ya chuma cha moto zitaendelea kuiva zenyewe na kuungua. Walebanoni huzitia juu ya sayadia, wali wa samaki na vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vyeusi, na hapo mpishi wa Pwani atajiona yuko nyumbani. Huzielesha pia juu ya jalab, sharubati ya zabibu na maji ya waridi ya wakati wa kufuturu. Usiziweke kabatini kwa joto letu hili: baada ya muda mfupi mafuta yake huchacha.

Ama mimi, nikiulizwa cha kutia mahali pake, nitaonyesha mkono upande wa Kilifi na Kwale. Korosho ina magnesi zaidi kuliko msonobari na zinki inayokaribiana, ingawa kwa vitamini E imeachwa mbali. Ikikatwa vipande na kukaangwa kwa samli, juu ya wali hailalamikiwi na mtu. Kiwanda cha Kilifi kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kilifungwa katika miaka ya 1990, na ingawa serikali ilipiga marufuku 2009 kusafirisha korosho zisizobanguliwa, mikorosho mingi ilikuwa imekwisha zeeka, mengine ikakatwa ikawa makaa. Mkulima wa Lebanon anapigana na mdudu ili mti wake usimame. Wetu ulikuwa umesimama.

Jirani yangu alizikaanga nusu ya zile mbegu akazimwaga juu ya wali wa samaki, akatuletea sahani. Zilikuwa tamu, sitasema uongo. Harufu yake ni ya mti na siagi pamoja. Nusu iliyobaki imo ndani ya friji yake, na mwanawe ameshaambiwa kwamba safari ijayo alete tende.